Kutafuta mkandarasi wa nyumba kongwe ya Lamu unayoinunua kwa mkopo wa ukarabati

Mkandarasi wa nyumba kongwe hutafutwa kabla ya kutia saini mkataba wa kuinunua. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: wanaipenda nyumba, wanalipa arubuni, wanaomba mkopo kwa makisio ya mdomo, halafu ndipo wanauliza nani atawafanyia kazi. Katika nyumba ya matofali hilo huenda likapita. Katika nyumba ya mawe ya matumbawe, iliyobebwa na boriti za mikoko zilizofukiwa ndani ya kuta, haliishii vizuri, kwa sababu ubovu mkubwa hauonekani kwa macho.

Benki hupima mkopo wa ukarabati kwa thamani ya nyumba, kama ilivyo sasa na kama itakavyokuwa kazi ikiisha, pamoja na ule mchanganuo wa vifaa na kazi ambao watu wa ujenzi wote huuita BQ. Mkopo ukishapitishwa kwa BQ ya shilingi milioni 3, kurudi kuomba milioni moja zaidi ni kuanza upya. Basi BQ isipotoka kwa mtu aliyechimbua ukuta na kuona vichwa vya boriti, fedha zitakwisha dari likiwa wazi, na masika hayangoji benki.

Kwanza jua kama nyumba inauzika

Jambo hili ni fupi lakini likikwama, mengine yote ni bure. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Lamu ni za urithi, na mara nyingi warithi ni wengi, wengine wako Mombasa, wengine ng'ambo. Mwombe wakili afanye upekuzi rasmi katika masjala ya ardhi, na kama mwenye jina kwenye hati ameshafariki, aone hukumu ya mirathi kutoka kwa Kadhi au mahakama na saini za warithi wote. Uliza pia kama nyumba ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya kawaida, wala benki haitaipokea kuwa dhamana.

Kwa desturi ya Kenya mnunuzi hulipa asilimia 10 anapotia saini na hupewa kama siku 90 kukamilisha. Mwambie wakili aandike ndani ya mkataba kwamba una ruhusa ya kuingia na mafundi, kutoboa matundu madogo ya ukaguzi na kuyaziba, na kwamba arubuni itarudishwa ikiwa benki itaukataa mkopo kwa sababu ya hali ya jengo. Muuzaji anayekataa ukuta wake uguswe hata kwa bisibisi, mwulize kwa nini.

Unamtafuta fundi wa chokaa

Mkandarasi hodari wa Malindi au Mombasa, aliyezoea mawe ya kukata, nondo na simenti, anaweza kuiharibu nyumba ya Lamu kwa bidii na nia njema kabisa. Ukuta wa matumbawe umejaa vitundu. Hunyonya unyevu kutoka chini pamoja na chumvi, na ule unyevu hutoka polepole kupitia plasta ya chokaa. Ukiupaka simenti unauziba. Maji yakikosa njia hupanda juu zaidi, chumvi hugandia nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache plasta humeguka kwa mapande makubwa ikiwa imebeba na uso wa jiwe. Ukiona nyumba ya mawe yenye plasta ya kijivu iliyovimba kimo cha kiuno, umeliona tatizo hilo.

Sakafu nayo ina hatari yake. Dari la kale, ambalo ndilo sakafu ya chumba cha juu, limejengwa kwa boriti, juu yake mawe bapa, juu yake tabaka nene la chokaa na kokoto lililopigwa kwa mikono. Unene wa sentimita 25 unaweza kufika karibu kilo 450 kwa kila mita mraba. Fundi asiyejua huona nyufa, akamwaga sentimita 5 za simenti juu ili kuzuia maji. Hapo ameongeza kama kilo 100 kwa kila mita mraba juu ya boriti ambazo huenda zimekwisha kuliwa. Njia ya haki ni kupunguza: kuondoa tabaka zilizoongezwa zamani, kubadilisha boriti zilizooza, na kupiga chokaa upya.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila mkandarasi ni: chokaa chako unakipata wapi, na unakiloweka muda gani? Fundi wa kweli atakueleza habari za kuzima chokaa kwa maji na kukiacha kikilowa kwa wiki tatu au zaidi, kwa kuwa vipande visivyoiva hufura ndani ya ukuta baadaye na kurusha plasta. Atakwambia kwamba kila mkono wa plasta ni mwembamba, kama sentimita moja, na hungojewa siku kadhaa kabla ya mkono wa pili. Atakwambia hutandika magunia yaliyoloa siku za jua kali, kwani upepo wa kaskazi ukikausha chokaa upesi kitapasuka. Anayejibu "tutatia simenti kidogo kikamate upesi" mshukuru, kisha mwite mwingine.

Mahali pa kuwapata na namna ya kuwachuja

Anzia kwenye ofisi ya Makavazi ya Taifa (National Museums of Kenya) mjini Lamu inayoshughulikia uhifadhi wa Mji Mkongwe. Wao huona kila kazi inayoombewa kibali, kwa hiyo wanajua nani anamaliza na nani anaacha matundu. Usiwaombe wakuchagulie fundi. Waulize ni nyumba zipi zilizotengenezwa karibuni kwa njia iliyowaridhisha, kisha nenda ukawaone wenye nyumba hizo. Kwa milango, madirisha na nakshi, uliza karakana za mjini, na usiwasahau watu wa kijiji cha Matondoni: wanaojenga majahazi wanazijua mbao na viungo vyake kuliko maseremala wengi.

Nenda ukaione kazi yenye umri wa masika mawili, si ile iliyomalizika jana. Kazi ya jana huwa nyeupe na nzuri yote. Ingia chooni cha juu na utazame dari la chumba kilicho chini yake. Tazama sehemu ya chini ya kuta, kimo cha goti. Muulize mwenye nyumba mambo matatu: bei ya mwisho ilizidi ile ya kwanza kwa kiasi gani na kwa sababu gani, fundi mkuu alikuwepo kila siku au alituma vibarua, na palipotokea kasoro, alirudi?

Upande wa karatasi, mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, inayojulikana kama NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Madaraja ni 8, la 1 likiwa la kazi kubwa na la 8 la kazi ndogo, na kwa nyumba moja ya kuishi daraja la chini linatosha. Hakikisha leseni ni ya mwaka huu na kwamba jina lililo kwenye leseni ndilo litakaloandikwa kwenye mkataba na kwenye akaunti ya benki. Kuna tatizo la kawaida hapa. Fundi bora wa chokaa mtaani huenda hana kampuni, na kampuni yenye leseni huenda haina fundi wa chokaa. Waunganishe: kampuni itie saini na kubeba dhamana, na jina la fundi mkuu liandikwe ndani ya mkataba kwamba ndiye atakayesimamia kuta na dari, asibadilishwe bila idhini yako. Fundi umeme awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na umkataze mapema kuchimba mifereji mirefu ya nyaya katikati ya kuta nyembamba au karibu na vidaka, vile vishubaka vya ukutani.

Siku ya ukaguzi

Waite wakandarasi wawili au watatu, kila mmoja kwa siku yake, na uwalipe ukaguzi. Ukaguzi wa bure hufanywa kwa dakika 20, na BQ yake hufanana na urefu wake. Tenga nusu siku. Wawe na ngazi, tochi, nyundo ndogo, bisibisi ndefu na kamba ya timazi.

Kazi kubwa ya siku hiyo ni vichwa vya boriti. Katikati ya chumba boriti huweza kuonekana nzima na nyeusi, imara kabisa, kumbe sentimita 20 zilizoingia ukutani zimekuwa unga, kwa sababu maji hushuka ndani ya ukuta na mchwa hufuata unyevu. Fundi agonge kila boriti na kuisikiliza: ngumu hulia, mbovu hutoa sauti ya boksi. Kisha achokonoe kwa bisibisi pale inapokutana na ukuta. Ikizama zaidi ya sentimita moja bila nguvu, atoboe plasta kidogo na kuangalia ndani. Aanze chini ya vyoo vya juu, chini ya tangi la maji, na kwenye ukuta unaopokea mvua ya kusi. Aandike kwenye mchoro wa kila chumba: boriti ngapi, ngapi nzima, ngapi mbovu, ngapi hazikuweza kufikiwa.

Baada ya boriti, timazi kwenye kuta ndefu kuona kama zimelala. Nyufa zipimwe upana na ziandikwe tarehe kwa penseli. Ufa ulioshika vumbi na utando wa buibui ni wa zamani. Wenye kingo nyeupe na kali bado unatembea. Juu ya paa, mwaga ndoo mbili za maji na uangalie yanaelekea wapi. Makopo ya kutolea maji yakiwa yameziba, umepata asili ya nusu ya ubovu wa nyumba.

BQ isiyokudanganya

Usiwaache wakandarasi kila mmoja aandike BQ kwa mtindo wake. Mpate mkadiriaji wa majenzi aliyesajiliwa, aandike orodha moja yenye vipimo, kisha kila mkandarasi ajaze bei tu. Hapo utalinganisha vitu vinavyofanana, na benki itaikubali kwa urahisi zaidi.

Vipimo vyenyewe unaweza kuvihakiki. Chukua chumba chenye upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 8, umbo la kawaida Lamu, kwa kuwa urefu wa boriti ndio uliowapimia wazee upana wa vyumba. Boriti zikipangwa kila sentimita 25 utahitaji 33, na kila moja iwe na mita 2.9 au zaidi ili iingie ukutani sentimita 20 kila upande. Agiza 36, kwani mbili au tatu zitakataliwa kwa kupinda. Boriti zitoke kwa muuzaji mwenye kibali cha idara ya misitu, na upewe risiti. Benki haitalipia mzigo usio na karatasi.

Plasta nayo: ukuta wa mita mraba 40 kwa unene wa sentimita 2 ni mita za ujazo 0.8. Kwa kipimo cha chokaa 1 kwa mchanga 3, hiyo ni mchanga kama mita za ujazo 0.8 na chokaa kiasi cha 0.27. Ongeza asilimia 15 au 20, maana kuta za kale zina mabonde. Ukiona BQ ina nusu ya hayo, ama unene umepunguzwa ama simenti itaingia kimyakimya.

Mchanga uwe wa bara, usio na chumvi. Wa pwani hutia chumvi ndani ya ukuta uliokuwa unajaribu kuikimbia, na matuta ya mchanga ya Shela yaachwe yalivyo, kwa sababu ndiyo yanayohifadhi maji ya kunywa ya mji. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo hadi nusu, jaza maji, tikisa, uache saa tatu. Tabaka la tope juu likizidi asilimia 8 ya mchanga, urudishe. Maji ya kuchanganyia yaonjwe: kisima chenye chumvi hakifai.

Usafirishaji upewe mstari wake. Mzigo hufika Mokowe, gati la upande wa bara, kwa lori, huvuka kwa mashua, hupakuliwa gatini, kisha hubebwa na punda hadi mlangoni, kwani lori haliingii vichochoroni. Mawe ya kisiwa cha Manda huvuka vivyo hivyo. Kila kituo kina malipo yake, na kifusi kinachotolewa hulipiwa pia. Mkandarasi mgeni husahau kifusi kila mara. Dari moja la chumba kile cha mita 2.5 kwa 8 likibomolewa lote hutoa karibu tani 9. Hesabu punda wangapi.

Mwisho weka akiba ya dharura ya asilimia 15 hadi 20 ndani ya maombi ya mkopo tangu mwanzo. Kwa zile boriti ambazo hazikufikiwa, BQ iwe na bei ya kila kizio: kubadilisha boriti moja ni kiasi gani, kupiga mita mraba moja ya dari ni kiasi gani. Zikigundulika nyingine 10 mbovu, mtazidisha tu badala ya kugombana.

Fedha za benki na mifuko ya fundi

Benki hutoa fedha za ukarabati kwa awamu, baada ya kazi ya awamu kuonekana na mkaguzi wake kutia saini. Mafundi wadogo huvunjikia hapa. Boriti na chokaa hulipiwa mwanzoni, ujira hulipwa kila Alhamisi au Jumamosi, na mkaguzi akitoka Mombasa malipo yanaweza kuchukua wiki mbili au tatu. Fundi asiye na akiba huhamia kazi nyingine, nawe unabaki na miti ya egemeo, ile inayoshikilia dari kwa muda, sebuleni.

Mwulize mkandarasi waziwazi: unaweza kulipa watu wako wiki tatu bila fedha yangu? Kama hawezi, lakini ni fundi bora, pangeni njia. Awamu ya kwanza iwe ya vifaa vilivyofika nyumbani, si ya kazi. Omba benki imlipe muuzaji wa vifaa moja kwa moja. Nawe weka kando fedha zako za ujira wa wiki tatu kabla ya jiwe la kwanza kuguswa. Malipo ya mbele bila dhamana yasizidi gharama ya kuleta vyombo na egemeo.

Wanaokwepa riba wana mpango wao katika benki zinazofuata sharia, na mpango huo unagusa uchaguzi wa mkandarasi. Katika murabaha, benki hununua vifaa kwanza, vikawa mali yake, kisha hukuuzia kwa faida iliyotajwa. Fundi wako akishanunua boriti kwa fedha zake na kuzileta, hazifai tena kuingia kwenye murabaha. Mwonye mapema, na upate ankara za bei kutoka kwa wauzaji wanaokubalika na benki. Ujira hauingii kwa urahisi katika mpango huo, basi uliza juu ya istisnaa, ambako benki hugharimia kazi yenyewe kwa maelezo yaliyoandikwa.

Kibali kabla ya nyundo

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na mabadiliko ya jengo yanahitaji idhini ya Makavazi pamoja na kibali cha kaunti. Kuongeza ghorofa, kupanua dirisha, kuweka aluminiamu au kubomoa wikio (chumba kinachovuka juu ya kichochoro) ni mambo yanayoweza kukataliwa. Mkandarasi asemaye "tuanze, kibali kitafuata" anaihatarisha fedha yako: kazi ikisimamishwa, awamu za benki nazo husimama, huku marejesho ya mkopo yakiendelea.

Mkataba na ratiba

Mkataba uwe wa maandishi, wenye michoro, BQ na orodha ya awamu. Kila malipo uzuie asilimia 10. Awamu ya shilingi 600,000 hulipwa 540,000. Kwa kazi yote ya milioni 3 utakuwa umezuia 300,000. Nusu yake itoke siku ya kukabidhiwa, na nusu ya pili baada ya miezi 6. Mkandarasi awe na bima ya kuumia kwa wafanyakazi, kwani dari hilo la tani 9 likishuka vibaya, maisha ya watu yamo chini yake. Iandikwe kwamba dari halifunguliwi bila egemeo hadi sakafu ya chini kabisa, na kwamba boriti hubadilishwa chache chache, si chumba kizima kwa siku moja.

Ratiba ifuate anga na kalenda ya mji. Paa na plasta za nje ziishe kabla ya masika ya Aprili. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, bahari huchafuka na mizigo huchelewa. Ramadhani saa za kazi hupungua, na siku za Maulidi mji wote huwa kwenye sherehe. Mkandarasi aliyekuletea ratiba isiyo na siku hizo hajafanya kazi Lamu, au hakuipanga.

Tarehe ya kukabidhiwa ichaguliwe ili ile miezi 6 iingie ndani ya masika. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, panda na tochi pamoja na fundi mkuu, mkague vichwa vya boriti chini ya vyoo, kona za paa na makopo ya maji, mkaandike kila doa la unyevu kwa tarehe kabla hujamlipa ile nusu iliyobaki.